Siku Tatu za Kosimuddin

Wasikilizaji wapendwa, leo msitegemee sauti ya kubembeleza. Tumemzika Kosimuddin Mollik, mgema wa mitende wa hapa kwetu Khajura. Jumanne tumemzika. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mitende thelathini na miwili ya kwenye tuta la barabara alianza kuikwea kabla hajaota ndevu.

Mkewe, Bi Rahela, ananisimulia: "Baba Lokman akigema leo, mti anauacha siku tatu. Nikilalamika mitungi mitupu, ananiuliza, 'Wewe ulipojifungua, ulirudi shambani siku ileile?' Mimi nanuna, yeye anacheka."

Siku tatu. Kwa nini? Kule kileleni, ndani ya makuti, mtende una kiini cheupe, laini, saizi ya ngumi. Humo ndimo kila kuti jipya linamozaliwa. Mwembe ukikatwa kichwa utachipua ubavuni. Mtende huu hauna pengine pa kuchipulia. Kiini ni kimoja tu. Kisu kikikifikia, mti umekufa, hata kama makuti ya nje yatabaki kijani kwa miezi. Mti ukipumzika, kidonda kinakauka, na kisu kinachofuata kinapita juujuu.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mwenye mitende aliikodisha yote kwa mfanyabiashara Badrul. Badrul akataka igemwe kila siku, tena kisu kizame.

"Mzee, mimi nanunua utomvu wa kupikia sukari guru. Sinunui usingizi wa miti."

"Basi kamkamue ng'ombe wako mpaka atoe damu," Kosimuddin akamjibu.

Akafukuzwa kazi papo hapo. Kisu akapewa Lokman, mwanawe wa kumzaa, na Lokman akakipokea.

Lokman huyo ameniambia mwenyewe, macho chini: "Baba alikuja kukaa pale chini ya tuta. Kila nikikata anasema, 'Mwanangu, umezama. Mwanangu, umezama.' Nikamwambia anyamaze, ananiaibisha mbele ya watu."

Mvua zilipoanza, makuti ya katikati yakanyauka. Ukiyavuta kwa mkono mmoja yanang'oka, na chini yake panatoa uvundo. Mitende ishirini na saba ilikufa hivyo. Kati ya thelathini na miwili, imebaki mitano. Badrul hakupoteza kitu, magogo aliliuzia tanuru la matofali.

Daktari ameandika kwamba marehemu aliugua mapafu. "Mapafu gani?" anauliza Bi Rahela. "Mume wangu ameuawa na hasira." Mimi namwamini.

Na sisi je? Sisi tuliokula ile sukari guru ya bei poa na pitha zetu, ile mikate ya unga wa mchele, tukalamba na vidole? Tumo, na tusijitoe.

Bi Rahela, pole sana mama, Mungu akupe subira. Lokman, pole nawe, ingawa pole hiyo naitoa kwa uzito. Wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi kabla hujamega sukari guru, muulize aliyekuuzia: mti huu ulipumzika siku ngapi? Akikosa jibu, mrudishie.

Hapa mezani nina karatasi. Badrul ameleta salamu za rambirambi zisomwe hewani, ameandika kwamba marehemu alikuwa kwake kama baba mzazi. Nimeisoma mwenyewe mara mbili. Ninyi siwasomei.