Mama Kioo, Aliyefundisha Ndimi za Watu Wazima

Mwaka 2014 mjukuu wa tatu wa marehemu, akiwa na miaka sita na maswali mengi kuliko meno, alisimama kwenye mlango wa baraza akawatazama watu wazima waliokaa kwenye benchi. Kila mmoja alikuwa na kioo kidogo mkononi, anatoa ulimi nje, anautazama, anaurudisha. Mtoto alikuwa ameshapelekwa zahanati si mara moja, na benchi la wagonjwa analijua. Akamfuata bibi yake, akamvuta sketi.

"Bibi, hawa wagonjwa wako huwa wanapona?"

Benchi zima likaangua kicheko, hadi yule aliyekuwa ameushika ulimi wake kwa vidole viwili. Marehemu hakucheka. Alisema, "Ngoja kwanza, mke mwenzangu, nimalize na huyu." Akamaliza na huyo, akaingia mwingine, na baada yake mwingine. Jibu halikuja.

Huyo ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mpima mizigo kiwandani na mama yake mshonaji. Nyumba zile zilikuwa za mabati, zimepangwa kwa mistari, na waliokaa humo walitoka pande nyingi, kila ukuta na lugha yake. Dada yake mkubwa, tuliye naye hapa, anasema kabla hata hajaanza shule marehemu aliweza kumwigiza kila jirani, mpaka namna anavyokohoa na anavyoita kuku, na alichapwa sana kwa hilo. "Tulidhani ni utovu wa adabu," dada anasema. "Kumbe mwenzetu alikuwa kazini!"

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1972 akaingia chuo kikuu kusomea isimu. Huko alikutana na somo lililomteka moja kwa moja: fonetiki, yaani elimu ya sauti tunazotamka, zinatengenezwa wapi, nini kinagusana na nini ndani ya kinywa. Anayeona hilo ni jambo dogo na ajaribu hapo hapo alipokaa, kimyakimya. Atamke l. Ncha ya ulimi inaganda kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu na pumzi inapita pembeni. Sasa atamke r. Ulimi unagonga karibu pale pale, mara moja, unaondoka. Basi, ni hivyo tu! Mtoto anaiokota tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu. Lakini mtu aliyekuja ukubwani, kutoka lugha isiyozitenganisha sauti hizo mbili, anaweza kuhangaika nazo miaka, na wenyeji wakamcheka kabla hajamaliza sentensi. Marehemu hakumcheka mtu wa namna hiyo hata siku moja. Alisema ulimi wa mtu mzima ni kama mguu uliozoea njia moja: haujalemaa, umezoea tu.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa mtafiti katika chuo cha ualimu. Alipewa chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya ramani: dirisha halifunguki, sinki linavuja, na katikati kuna kiti cha daktari wa meno kilichookotwa sehemu. Mashine hakuwa nazo. Alisaga mkaa ukawa laini kama poda, akauchanganya na mafuta ya kula, akaupaka kwa brashi kwenye ulimi wa mtu. Mtu anatamka neno moja tu, kisha anaachama. Kioo kinaingizwa mdomoni, na juu kwenye kaakaa, pale ulimi ulipogusa, linaonekana doa jeusi. Marehemu analipiga picha. Mtu anasukutua, anafuta mate, wanaanza upya. Wanafunzi wakampa jina la Mama Kioo, naye akalipenda.

Mwaka 1979 alikwenda stoo ya chuo kuomba chaki. Mtunza stoo, kijana mrefu mwenye lafudhi ya mbali, alipomjibu, marehemu alisahau chaki.

"Samahani kaka, naomba ulimi wako."

Kijana akaweka boksi chini taratibu. "Niukate, dada, au nikuazime mwenyewe nikiwepo?"

Kijana huyo alikuwa mwalimu wa hisabati kwao, kabla kwao hakujaharibika. Alifika hapa na vyeti vyake, na vyeti vikakubaliwa vyote. Kwenye usaili wa mdomo jopo likasema wanafunzi hawatamwelewa. Akawekwa stoo kwa muda, mpaka matamshi yake yakae sawa. Watu wakamwita Mzee Chaki angali kijana. Marehemu peke yake alimwita Mwalimu, tangu siku ile mpaka ya mwisho. Na siku ile ile, akiwa bado na brashi mkononi, alimwahidi: "Nipe mwaka mmoja, Mwalimu. Utasimama mbele ya darasa." Kila alichokifanya baadaye, vitabu, safari, wanafunzi wote wale, kilikuwa ni kuitafutia njia ahadi hiyo.

Walioana tarehe 22 Agosti 1981. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe walichelewa maabara, bwana akaondoka mbio bila kusukutua. Alipofungua kinywa kuamkia, mama mkwe alimvuta bintiye jikoni. "Mwanangu, huyo mchumba anaumwa au amelamba sufuria?" Baba mkwe akadakia kutoka sebuleni, "Mwacheni akae. Ulimi tumeshauona, bado moyo!" Wakajaliwa watoto watatu.

Nyumba yao ikawa maabara ya pili. Binti yao mkubwa anakumbuka baba akisema "niletee chumvi", mama anasema "rudia", anarudia, "rudia tena", na chumvi inafika watu wameshanawa mikono. Walicheka sana mezani pale. Lakini Mzee Chaki alianza kuchagua maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, akikwepa kila penye sauti inayomshinda. Mtoto wao wa pili, ambaye jina lake lina sauti hiyo, baba alimwita Kijana tangu kuzaliwa. Marehemu alikuja kuligundua hilo Kijana akiwa darasa la pili. Alisimama na sahani mkononi, akamtazama mumewe. Tangu mlo ule hakumsahihisha tena mezani.

Mwaka 1986 alipata shahada ya uzamivu. Picha zake zilionyesha kwamba doa la Mwalimu na doa la mwenyeji, ukiliweka moja juu ya jingine, huwezi kujua lipi la nani. "Ulimi umefika," alisema, akaenda kumnunulia mumewe tai. Mwaka uliofuata Mzee Chaki alikwenda kwenye usaili na tai hiyo. Alirudi kabla ya chakula cha mchana. Jopo lilisema wanafunzi hawatamwelewa.

Hapo ndipo marehemu alipofanya utafiti ambao hakuuzungumzia kwa furaha hata mara moja. Ilikuwa mwaka 1991. Alimrekodi mumewe akifundisha sehemu na desimali, akawasikilizisha walimu wanafunzi kanda hiyo katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa mwalimu huyu ni mzaliwa wa hapa hapa. Wakasema somo limeeleweka, tena ana sauti nzuri. Kundi la pili liliambiwa ametoka mbali. Wakalalamika kwamba hawakumfuata, wakataja maneno aliyoyaharibu, na mengine kati ya hayo hayakuwemo kwenye kanda! Marehemu akadhani amekosea mahali. Akairekodi sauti yake mwenyewe, aliyezaliwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akawaambia wengine kwamba huyu naye ni mgeni. Wakasema mama huyu ajitahidi kidogo, anaumauma maneno.

Alizibeba kanda zote akampelekea mwenyekiti wa jopo la usaili. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Mama Kioo, kinasa sauti chako kina kasoro."

"Hiyo ya mwisho ni sauti yangu, mheshimiwa. Mimi hapa ninayeongea na wewe."

"Ndiyo maana nasema kina kasoro. Wewe mbona tunakuelewa?"

Marehemu alifika nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Alipomweleza mumewe, Mzee Chaki aliikunja ile tai, akaiweka kabatini. "Basi inatosha, mama watoto. Nimechoka kuachama." Hakuomba darasa tena. Alistaafu mwaka 2009, akitokea stoo ile ile ya chaki.

Marehemu aliomba ruhusa ya kuwachunguza wasikilizaji. Aliomba mara ya pili, na ya tatu. Kamati ya utafiti ilimjibu kwamba wasikilizaji hawana tatizo linalohitaji utafiti. Akarudi kwenye ndimi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zinamgongea mlango: wauguzi, madereva, wahasibu, mama mmoja aliyekuwa hakimu kwao na hapa anafua mashuka ya hoteli. Alipostaafu mwaka 2012 chumba chake kilirudishiwa ramani, naye akaondoka na vioo tu, akawapokea watu barazani kwake. Walijifunza wakaweza, kwa kuwa alijua kufundisha. Wengine walipata kazi. Wengi walikwenda kwenye usaili wakarudi kwenye benchi, wanauliza wamekosea wapi, na yeye anawasikiliza, hasikii kosa. Aliwapa kioo na chai. Ahadi hakumpa mtu tena.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, lakini benchi halikuwa tupu. Mapema Februari mwaka huu alizidiwa. Mzee Chaki ndiye aliyekuwa naye, na hospitalini ndiye aliyemweleza daktari: kifua kilianza kumbana saa ngapi, dawa ipi alimeza, ipi aliitapika. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama anayefundisha. Daktari, kijana mpole tu, hakuwa na ubaya, alimgeukia binti yao.

"Mzee anasema nini?"

Binti akarudia neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Daktari akaandika. Mzee Chaki akavaa kofia yake akatoka nje. Marehemu, pale kitandani, alikuwa ametazama yote. Akafumba macho.

Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja na kaka wawili. Ameacha pia watu wengi ambao majina yao familia haiyajui, waliofika tangu juzi na kusimama karibu na geti bila kusema sana. Tunawakaribisha mbele, viti vipo. Tarehe zote zilizosomwa hapa zimetoka kichwani mwa mumewe, hakukosea hata moja. Familia ilimwomba asome wasifu huu mwenyewe. Alisema, "Someni ninyi. Sitaki mtu aulize 'anasema nini huyo' kwenye msiba wa mke wangu."

Mwenyezi Mungu ampokee, na ampe huko pumziko ambalo kazi yake hapa haikumpa.

Limebaki lile jibu. Alilitoa jioni ya siku ile ya daktari, wengine walipokuwa wametoka kwenda kumtafuta Mzee Chaki, na mjukuu aliyewahi kumvuta sketi, sasa yuko kidato cha nne, amebaki kumlowanishia midomo. Marehemu aliishusha barakoa ya oksijeni kwa kidole.

"Mke mwenzangu. Uliniuliza kama wanapona."

"Bibi, nilikuwa mtoto. Rudisha hiyo, upumue."

"Hawakupona," alisema. "Wenye ugonjwa hawakuja hata siku moja."