Mkono wa Mama Mshonaji

Injini ya mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga ilitutetemesha sote, lakini mkono uliolaumiwa ulikuwa mmoja tu, wa mama mshonaji.

“Mama, mukono yako iko na bulozi, balikuloga,” alisema papa mmoja, mwanamume aliyekaa mbele yake.

“Bulozi gani? Docteur alinielezea: mu bongo muko kitu inaitwa dopamine, njo inapelekaka habari ku mukono. Yangu inapunguka. Alors, papa, kwetu Isangi, kama tunapiga lokole, ngoma ya kupeleka habari, na batu ya ng’ambo habasikie, tunasema balilogwa? Tunapiga tena! Miye ninakunywa dawa, ninashona.”

Tulipofika ukingoni, mama alimnyooshea mkono uleule. “Bon, unisaidie kushuka.”

Injini ilikuwa imekwisha kuzimwa. Hapo ndipo mkono wa papa ulipoanza kutetemeka.