Fasi ya Bule Kando ya Tiyo

Ukipita kambi ya wakimbizi ya Rubondo asubuhi, utawasikia wanywa kahawa hawa kabla ya kuwaona. Benchi yao ni ubao mmoja juu ya matofali, ukuta wa kanisa dogo nyuma, na Mama Pulchérie mbele na termosi yake ya kahawa ya tangawizi. Mama huyu akicheka, kuku wa jirani wanahama. Lakini asubuhi ile kicheko chake kilitoka kwa shida, kama pikipiki ya betri mbovu. Harufu ya kuungua ilikuwa bado inazunguka. Jana, mvua ikinyesha, nyumba ya Godeberthe ilishika moto kuanzia kwenye jiko, shitingi ya juu, ile turubai ya plastiki, ikayeyuka yote, na mwenyewe akapelekwa hospitali Mbarara mikono imeungua. Kilichomnyima Pulchérie usingizi ni hiki: jiko la Godeberthe na lake ni mapacha. Fundi mmoja, wiki moja, na tiyo ya namna moja ya kutosha moshi, yaani bomba la chuma la kuutoa nje, imetoboa shitingi kwenda juu. Na lake linawaka sasa hivi, maharagi juu, mama yake mzee asiyetembea amelala pembeni.

Wa kwanza kusema alikuwa Onesphore. Wanamwita Radio, maana haishiwi maneno.

— Wazee basema penye moshi pana moto. Sasa ile tiyo ilitosha moshi yote inje. Kama ndani hamuna moshi, moto ilitoka wapi? Munijibu.

— Ilitoka ku kuni, Radio, akasema Thaddée. Huyu wanamwita Juji, kwa sababu anahukumu kesi ikiwa bado njiani.

— Kuni ba jirani bote banayo. Ju ya nini iliungua ya Godeberthe?

— Ju ya ile chuma. Fundi alikata pipa ya petroli akatengeneza jiko. Mwana wa nyoka ni nyoka. Pipa haisahauke kazi yake ya zamani.

Pulchérie akacheka, akajipiga paja. Kama ni petroli, yeye amepona.

— Yangu ilikuwa pipa ya mawese, akasema. Mungu ni mukubwa.

— Mawese nayo inawaka, Mama.

Kicheko kikakatika katikati.

— Mimi nasema ni radi, Radio akaendelea. Tiyo imesimama juu ya nyumba kama antena. Radi inapita, inaona antena, inashuka kuuliza habari.

— Kwa ile mvua ya manyunyu?

— Radi haina saizi, muzee.

— Basi mimi naenda mbali kuliko wewe. Zamani moshi ya mutu ilikuwa yake, analia nayo mwenyewe ndani ya nyumba. Godeberthe akaanza kuituma kwa jirani. Jirani akachoka, akairudisha na moto yake. Asante ya punda ni mateke.

— Jirani ya Godeberthe ni mimi, Juji, akasema Pulchérie.

— Sijataja jina ya mutu, Mama. Niongeze kahawa.

Alimwongeza, ikamwagika kwenye kidole. Mwisho wa benchi Gervais, yule fundi mwenyewe, alikuwa ameshika kikombe tangu alipofika na hajakionja. Pulchérie akamgeukia, kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea.

— Na wewe, Baba Gervais? Unasema nini?

— Tiyo ni yangu, siikatae. Lakini nilifanya muzuri. Nilikata tundu kubwa ku shitingi, nikazungusha bati, nikapaka udongo. Miti ya paa nikaisogeza mbali. Nikamuambia: Mama, hii fasi kando ya tiyo uiache wazi.

— Halafu?

— Halafu jana, tulipomaliza kuzima, nikakuta kamba ya waya imezunguka tiyo. Magunzi ya mahindi yamefungwa kwayo. Meusi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu kwao walikokimbia, Uvira ama Makamba, mbegu inalalaka juu ya mafiga, moshi ifukuze wadudu. Tiyo ilipokuja ikabeba moshi yote, mbegu ikabaki bila kitanda. Na pale kando ya tiyo pakawa na nafasi kavu, ya moto, ya bule. Nyumba ya chumba kimoja, watu sita, nani anaachaka fasi ya bule? Pulchérie naye hakuiacha. Alifunga mahindi yake pale na maganda yake, fungu juu ya fungu, akajisifu kwamba mwanamke mwenye akili hapotezi kitu.

Akataka kuuliza.

Ndipo pikipiki ikasimama. Larissa, binti ya Godeberthe, akashuka, macho mekundu, kitenge cha mama yake ndani ya sashe ya plastiki. Wote wakasimama.

— Karibu, mwanangu. Mama anaendeleaje?

— Anaongea. Lakini vidole vya mukono wa kuume, munganga wa hospitali anasema bitakatwa.

— Kunywa kahawa kidogo.

— Hapana, Mama, narudi Mbarara na gari ya Rwekubo. Amenituma kwa Papa Gervais.

Gervais akatazama chini.

— Anasema ni kweli ulimuambia aache ile fasi. Hakatai. Anauliza tu: ilikuwa fasi ya kazi gani?

— Ilikuwa... fasi ya kuacha. Kule Mbarara nilikojifunza kazi, balituambia vile. Uiache.

— Uiache ju ya nini?

— Hiyo habakutuambia, akasema Gervais.

Radio akamtazama Juji, Juji akatazama kikombe chake. Wale wale waliojua kazi ya radi na kisasi cha moshi.

Pulchérie akakumbuka mahindi yake ya nyumbani, alivyoyaona leo asubuhi. Upande wa tiyo maganda yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa, yananukia kama ya kuchoma. Alikuwa amefurahi: yamekauka vizuri. Kumbe ni chuma cha tiyo kilikuwa kinayachoma. Akamuwaza na mama yake mzee kule ndani, akisikia baridi, akisukuma kuni ndani ya jiko kwa fimbo yake.

Akaweka termosi chini, haikusimama vizuri, ikaanguka. Kahawa ikamwagika yote mbele ya miguu ya wanaume na hakugeuka. Alitembea. Mama mukubwa hakimbiake mbele ya watu. Alitembea mpaka mwisho wa ukuta wa kanisa, akafunga kitenge kiunoni, akakimbia kuelekea jiko lake.