Soko la Alasiri: Maisha ya Laurenti Gregori

Padri, wazee wetu, majirani wa Korogwe, na ninyi mliosafiri kutoka Handeni na Kabuku, kwa niaba ya ukoo nawasomea maisha ya kaka yetu Laurenti Gregori, ambaye tumemzika asubuhi hii mapema kuliko ilivyo desturi, kwa sababu nitakayoitaja mwishoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1911, katika kambi ya wakata mkonge karibu na Korogwe, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Gregori, aliyekuja kwa miguu kutoka Unyamwezi kutafuta kazi, na mama yetu Swaumu, Mzigua wa Mazingara. Alikua akimwona mama akichukua unga kwa mkopo katika duka la shamba, bei ikiwa juu, kwa kuwa soko la mjini lilifungwa saa sita mchana, na wakata mkonge walimaliza kazi yao saa nane.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1920, akaishia darasa la sita mwaka 1927, na mwaka 1930 aliajiriwa Handeni kuwa karani wa mizani katika gulio, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na sita. Huko aliona upande wa pili wa jambo lile lile, yaani wakulima wa Kwaluguru waliopeleka maharage Korogwe kwa lori, wakayauza kwa walanguzi kwa bei yoyote kabla ya saa sita, ama wakarudi nayo.

Tarehe 18 Aprili 1936 alifunga ndoa na Grasiana, binti wa mzee Yordani wa Kabuku, wakajaliwa watoto watatu, Mikaeli, Kudra na Hiza, ambao wote wako hapa.

Mwaka 1946 alihamia Korogwe kuwa mwangalizi wa soko, akikusanya ushuru, akisimamia usafi, na kugonga kipande cha reli kilichotundikwa langoni, asubuhi kufungua na saa sita kufunga. Shemeji yetu Grasiana alikuwa na meza karibu na lango hilo, akiuza vitumbua na maharage ya kupikwa, na biashara yake ilijulikana kuliko kazi ya mumewe, hata watu wakamwita marehemu Bwana Vitumbua, naye hakukasirika.

Tarehe 7 Septemba 1949 alisimama mbele ya baraza la mji akaomba soko liwe wazi hadi jioni, akieleza kwamba mji una maskini wa aina mbili, mwenye chakula asiye na mnunuzi, na mnunuzi asiye na nafasi ya kufika, na kwamba mji hauhitaji kuwapa watu hao kitu zaidi ya saa chache. Wenye maduka walipinga, mmoja wao akasema kwa sauti, “Huyu anampigania mkewe, vitumbua vyake vinalala.” Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeongoza kikao, akamuuliza kama ni kweli mkewe anauza sokoni, marehemu akajibu kuwa ni kweli, ila kuanzia kesho hatauza tena. Ombi likakubaliwa kwa majaribio.

Ukoo unaona ni haki kusema kwamba hakuwa amemuuliza mkewe. Grasiana alizipata habari hizo kwa rafiki yake Mwatumu, muuza maharage wa Kwaluguru, kabla marehemu hajafika nyumbani, na alipofika alimwambia mbele yetu, “Baba Mikaeli, umewafungulia watu wote, mimi ndiye umenifungia.” Tangu siku hiyo aliuzia vitumbua uani, kwa faida ndogo, na hakukanyaga soko tena, hata chumvi alituma watoto.

Majaribio hayo yalikuwa ya siku za mshahara tu, lakini kufikia mwaka 1952 soko lilifunguliwa kila siku hadi jioni, likapata bomba la maji na paa la bati, na wanawake wa makambini, ambao awali walingojea mshahara wa waume zao, wakapata meza zao wenyewe. Mama yetu Swaumu aliwahi kununua hapo unga kwa fedha taslimu kabla ya kufariki mwaka 1953.

Marehemu alianza kuugua ini mwezi Novemba 1957, akaacha kazi mwezi Machi mwaka huu, akalazwa mara mbili, na alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 1958. Alipoacha kazi, Mwatumu na wenzake walifagia mahali pa zamani pa Grasiana karibu na lango, wakamwekea meza, na mpaka leo hakuna aliyeikalia. Marehemu aliambiwa, akamtazama mkewe, naye akaendelea kumkanda miguu. Kama shemeji atarudi sokoni ni juu yake, na ukoo haumwulizi.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, watumishi wenzake wa baraza la mji, na wauzaji waliochimba kaburi na kuteka maji. Marehemu aliagiza soko lisifungwe kwa ajili yake, kwa kuwa leo ni siku ya mshahara, ndiyo sababu tumezika mapema, na wenye meza wanaombwa waondoke sasa bila kuona haya.

Kaka yetu Laurenti, reli ya leo itagongwa na mwingine, wewe pumzika kwa amani.