Bukari ya Mwenze

Kijiwe cha karibu na stesheni ya Kamina ni gogo la reli tu, limelazwa juu ya matofali, na mbele yake mama Mwadi na mandazi yake na birika la kahawa. Wa kudumu ni watatu. Numbi wanamwita Papa Kesho, kwa sababu alikaa kwenye dirisha la tiketi la stesheni miaka thelathini, na kila abiria aliyeuliza treni inafika lini alijibiwa hivyohivyo. Katende ni Maître, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi. Lumbala, fundi cherehani, ni Centimètre. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Asubuhi hiyo Papa Kesho alikuja na simu mkononi na karatasi mfukoni, na roho yake haikutulia.

Kwenye simu kulikuwa na video ya Mwenze, kifunguamimba wake, aliyekwenda Poland kusoma na sasa ni mwaka wa nne, anafanya na kazi hukohuko. Kijana amevaa aproni, anasonga bukari, yaani ugali, jasho linamtoka, huku wenzake watano wanasubiri mezani. Baba mtu alikuwa ameitazama mara kumi na bado anaishangaa. Huyu Mwenze, alipokuwa hapa, maji yakiwa hatua mbili tu kutoka alipoketi, alimwita dada yake atoke jikoni aje ampe!

Karatasi nayo ilikuwa ya huyo dada, Christelle, mwenye miaka kumi na saba. Amepata nafasi ya kwenda Algeria kusomea mambo ya maji. Sahihi ya baba ilitakiwa ofisini kabla ya saa sita mchana, na baba alikuwa bado hajatia.

— Banaume bote bamekala, ye njo anapika! alisema Papa Kesho. Minyi nataka kujua tu: nini ilimuingia huyu mutoto?

— Baridi, alijibu Centimètre. Kule baridi inakazaka vidole. Usiposhika kintu ya moto, vinakufa. Donc, mwiko iko dawa.

— Dawa gani! Maître akarusha mkono. Iko sheria. Kule Ulaya banakuita ku bureau, banakupa unga, banakuangalia. Bukari ikitoka na mabonge, unapanda ndege siku ileile.

— Ulisoma wapi hiyo sheria? aliuliza mama Mwadi.

— Mama, weye mimina kahawa.

— Mais muone vile anacheka! alisema Centimètre. Mwanaume wa hapa anaweza kucheka na mwiko mu mukono? Balimubadilisha damu, minyi nabaambia. Balimutia ingine.

Hapo pa kicheko ndipo Papa Kesho alipokuwa amekwama. Hajawahi kumwona mwanawe akicheka namna ile, kwa mdomo wote, kama mtu aliye kwake. Aliona fahari, akaona na haya, na katikati yake akaona wivu, asijue anamwonea nani.

— Na Christelle, utamuacha aende? aliuliza Maître.

— Nitaona kesho.

Wakaangua kicheko.

— Papa Kesho! Karatasi iko ya leo!

— Mutu akienda kule anageuka, alijitetea. Huyu mwanaume aligeuka mwanamuke. Christelle naye atageuka nini?

— Mwanaume! alisema Centimètre bila kusita. Iko calcul, hesabu tu. Atarudia na ndevu, nitamushonea suruali.

— Atarudia chef, mukubwa wa kazi, alisema Maître. Utamungojea ku dirisha ya bureau yake, na ye atakuambia kesho.

Mama Mwadi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Papa Kesho naye alicheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya mfuko. Wote walijua kinachomkaba, na hakuna aliyekitaja. Tangu mkewe Marthe afariki, kila mlo wa nyumba ile ulitoka mikononi mwa Christelle. Juma lile alilokwenda msichana kwa shangazi yake huko Kabondo-Dianda, baba alikula mandazi ya mama Mwadi asubuhi na jioni, akidai tumbo linataka vitu vyepesi.

Akafika mama mmoja na kapu la samaki wakavu, ametoka Kinkondja, anangoja treni. Aliomba kahawa, akainama akaitazama video.

— Anapika muzuri, alisema. Nani alimufundisha?

— Shule ya kule, alidakia Maître.

— Apana. Muone vile anakandamiza ku ukuta ya sufuria. Ile iko mukono ya hapa. Iko weye, papa?

Papa Kesho akabonyeza simu, akamwuliza mwanawe kwa ujumbe wa sauti. Hawakungoja sana.

— Iko Christelle, papa, sauti ya Mwenze ilisema. Kila dimanche, kisha kanisa, alikuwa ananionyesha ku video. Mwaka ya kwanza nililala njaa siku mingi, papa, na unga ya mama ilikuwa mu valise, chini ya manguo. Sikujua kuipika. Nilikuwa na haya ya kukuambia.

Unga wa Marthe. Papa Kesho aliukumbuka: aliutwanga mwenyewe, akaufunga mara mbili usimwagike njiani, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Yule mama alimaliza kahawa yake, akawatazama mmoja mmoja.

— Na ninyi batatu, aliuliza taratibu, nani anajua kupika bukari?

Maître alichungulia ndani ya kikombe. Centimètre akawa anaisoma futi yake. Mama Mwadi aliinamisha birika. Halikutoa kitu, na hakuna aliyelalamika.

Papa Kesho aliitoa karatasi, akaazima kalamu ya Maître, akatia sahihi juu ya mgongo wa Centimètre, polepole, jina zima. Kisha akamsogelea yule mama wa Kinkondja na kupunguza sauti.

— Mama, alisema, banatangulizaka maji ao unga?