Tuliing'oa Miche Ikiwa Hai

Shikamooni wazazi wangu. Nitasoma kwenye karatasi, maana nikiinua macho nitanyamaza, na nimeshanyamaza vya kutosha ndani ya ukumbi huu wa kigango.

Mnajua mama yangu ndiye wa mwisho kuingia kwenye kikundi chetu cha parachichi. Miti yenu imeshakuwa mirefu; yetu ilikuwa bado miche ya kunifika magotini. Baridi ilipoanza, mimi na mama tulifunika kila mche kwa nyasi kavu, kama kibanda kidogo, usiungue na ule umande unaoganda alfajiri. Mlikuwa mkipita njiani mkitusalimia. Mmoja wenu akatania kwamba mama anaivalisha miti makoti huku binti yake anatetemeka. Tulicheka.

Ndipo ikaja droni ya kijana mtaalamu kutoka Mbeya. Ilipita juu ikapiga picha, na picha zikaingizwa kwenye kompyuta iliyofundishwa kutambua mti mzima na mti mgonjwa. Majibu yalisomwa hapa hapa. Mashamba yenu yalitoka kijani. La kwetu lilitoka jekundu lote: miti imekufa. Kikundi kikaamuru ing'olewe na kuchomwa moto kabla ugonjwa haujawafikia wengine, na asiyetaka atoke kikundini.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyekuja shambani kutazama. Hata mmoja. Ila salamu zilikatika upesi. Bombani nilimsikia mtu akimwonya mwenzake asikanyage kwetu, atabeba ugonjwa kwa viatu.

Kesho yake mama akachukua jembe. Nilikwangua gome la mche wa kwanza kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani, na maji yapo.

"Mama, huu ni mzima."

"Naona, mwanangu. Lakini wao wameona kutoka juu."

Akaung'oa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kulia. Mama aliyeupanda mche ule, aliyeumwagilia kwa ndoo za kichwani, leo anaiamini picha kuliko macho yake. Mstari wote wa kwanza ulikwisha hivyo siku hiyo, mimi nikiiokota nyuma yake na kuirundika; moto ulikuwa bado haujawashwa.

Mkutano uliofuata, kabla hatujagusa mstari wa pili, nilikuja na mche mmoja, udongo ungali kwenye mizizi, nyasi zake bado zimeufunika. Niliuweka mezani mbele ya yule kijana mtaalamu, halafu neno halikutoka. Mtu mmoja akasema, "Binti, ondoa uchafu huo." Mtaalamu ndiye aliyefunua nyasi, akakuta majani mabichi. Kisha akaeleza kwamba kompyuta yake ilifundishwa kwa picha za sehemu ambako miche haifunikwi, hivyo ikiona nyasi kavu inadhani ni mti mkavu. Akauliza, "Hapa kuna aliyekuwa anajua kwamba hii miche imefunikwa?"

Hasira yangu iko hapo. Mlitazama chini. Mlijua nyote. Hiyo miti yenu mirefu nayo ilivaa nyasi ilipokuwa midogo, na ni mikono yenu iliyoivalisha. Kompyuta haikufundishwa. Ninyi je?

Namshukuru yule kijana. Alikuja kwetu kwa miguu, akafunua mche mmoja mmoja na kuupiga picha ili kompyuta ifundishwe upya, akalifuta jibu la kwanza mbele yenu. Namshukuru na mama mmoja anayekaa pale nyuma, aliyekuja na jembe lake akasema tu, "Haya, tupande." Hakuuliza kama viatu vyake vitachafuka.

Miche iliyosalimika sasa inanifika kifuani. Baridi ikirudi, midogo tutaifunika tena, na droni ipite, siikatai. Lakini jibu likisomwa hapa, na wewe unajua jambo ambalo halijasemwa, simama useme, hata kama sauti yako ni ndogo kama yangu.

Ile miche ya mstari wa kwanza tuliirudisha kwenye mashimo yake. Haikushika. Droni iliporudi ilisema imekufa, na safari hiyo ilisema kweli.