Mchango wa Mapigo Mazito

Kijiwe kile cha Ifakara, jirani na mashine za mpunga, hakina jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kukubali jina lililopendekezwa na mwenzake. Kina birika la kahawa la Agnella, na kina benchi moja la mninga, la watu sita wenye adabu au wanane wasio nayo. Benchi hilo alilichonga Kelestini kwa mikono yake, ndiyo maana wanamwita Fundi Randa, na Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amelikalia kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Saa tatu watu wa kijiwe cha Kidatu wangefika kucheza karata za mieleka, na makubaliano yalikuwa kwamba watakaoshindwa wanatoa benchi lao, linakaa kwa wenzao mwaka mzima. Benchi la Kidatu ni la chuma, na saa sita mchana halikaliki. Makubaliano hayo yalifanywa kwa simu na Remigius, mwendesha mashine ya mpunga anayeitwa Tani Mbili. Wa kucheza alikuwa Kelestini.

Karata zenyewe zilianzia kwenye duka la madaftari, zikiletwa kwa pakiti kutoka Morogoro. Watoto walizichoka upesi, watu wazima wakazing'ang'ania. Kila mchezaji huja na bunda lake la karata arobaini, na bunda ndiyo pumzi yake: ukipigwa, unatupa karata kutoka juu, zikiisha, mabega yako yapo chini na mchezo umekwisha. Kuna mapigo mepesi, kama kusukuma na kupiga mtama. Kuna mazito, ya kumnyanyua mtu na kumbwaga. Na kuna vizuizi. Pigo zito halichezwi mpaka umetanguliza mepesi matatu. Hapo hapana elimu kubwa inayotakiwa.

Sasa, bunda la kupigania benchi halikuweza kuwa la mtu mmoja. Jumatatu iliyopita kijiwe kilikaa kikaamua kwamba litachangwa, kama harusi inavyochangwa, kila mtu alete alichojaliwa. Na kwenye mchango nani atataka aonekane mnyonge? Remigius alileta Gandamizo la Tembo, tena tatu. Mwalimu Valeriani, mstaafu anayejulikana kama Profesa, alileta Nyundo ya Angani. Abdulkarim wa bodaboda, ambaye jina lake la kijiweni ni Breki kwa sababu pikipiki yake haina, alileta Kuvunja Mgongo. Hata Agnella alitoa Kimbunga chake chenye kingo za dhahabu, akakikabidhi kwa mikono miwili.

Asubuhi hiyo lililobaki lilikuwa kushauriana tu, na ushauri pale ni kitu kisichopungua.

— Fundi, sikiliza, alisema Remigius. Uzito ndio kila kitu. Gunia likikuangukia mashineni, unaliuliza lina mbinu gani? Unalala chini, basi.

— Uzito bila saikolojia ni bure, alisema Mwalimu Valeriani. Mimi nimewapanga wanamieleka wa kwenye karata kwa nyuso. Wanaokunja uso wako juu, wanaoonyesha meno wako katikati. Huyo Donati, mchezaji wa Kidatu, akikutana na nyuso kumi zilizokunjwa, mkono utamtetemeka.

— Mwalimu, Donati hatetemeki, alisema Abdulkarim. Jamaa amekulia karibu na mitambo ya umeme. Wale kelele kubwa wamezoea tangu tumboni, ukimpiga kidogo hasikii hata. Huyo ni wa kubwaga tu, kuanzia karata ya kwanza mpaka ya mwisho.

Remigius akaunga mkono, akaongeza kwamba yeye, kabla ya kuzichanga, alizifukia karata zake usiku kucha kwenye pumba za mpunga ili zipate joto, maana pigo baridi haliumizi. Mwalimu akasema kisayansi jambo hilo linawezekana. Agnella, akimimina kahawa, akasema la muhimu ni rangi, nyekundu zikae juu, kwani mtu wa Kidatu, kwenye mashamba ya miwa yanayochomwa kabla ya kuvunwa, akiona nyekundu anawaza moto na akili inahama. Abdulkarim akataka bunda lizungushwe mara saba kwenye pikipiki kabla ya mchezo, liwe na mwendo. Hilo nalo lilijadiliwa kwa uzito wote, mpaka likakumbukwa suala la breki.

Kelestini aliitikia kila mmoja kwa "naam" na "ni kweli". Ndani yake alikuwa na hofu tangu Jumatano. Siku hiyo, mchana, akiwa peke yake karakanani, alichanganya bunda na kujaribu. Alivuta karata tano za kuanzia mchezo, zote nzito. Akachanganya tena, zote nzito. Alivuta mara kumi na mbili, mpaka randa ikapoa mezani, na hakupata hata mara moja cha kuanzia.

Hakumwambia mtu. Mwaka ule mafuriko yalipobomoa nyumba yake, hawa hawa walikuja na mabati na misumari bila kuulizwa, Remigius akapanda juu ya paa na uzito wake wote. Utamrudishiaje mtu wa namna hiyo mchango wake, ukamwambia haufai? Kelestini aliona heri apoteze benchi kuliko kuona nyuso zile zikinuna. Halafu akipapasa ule ubao chini yake, roho inamuuma, anaona pia benchi hawezi kulipoteza.

Saa mbili na nusu hivi akafika mama mmoja kutoka Malinyi na kapu la kambale wakavu, akisubiri basi la Morogoro. Aliwasalimia, akapewa nafasi na kikombe, akajitambulisha kuwa anaitwa Happyness. Alikaa akiwasikiliza kwa heshima, kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha wakubwa. Karata hizo anazijua kidogo, alisema, wanawe wanacheza. Kisha akamgeukia Kelestini.

— Shikamoo tena baba. Samahani, mimi ni mgeni. Ukishakaa pale na mwenzako, unaanza na ipi?

Mwalimu Valeriani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalichukua bunda na kuanza kulipekua taratibu, karata moja baada ya nyingine, mpaka ya arobaini.

— Kwani nyepesi nani alileta? aliuliza Mwalimu hatimaye.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Kila mmoja alidhani zitaletwa na wengine.

— Hakuna aliyeleta, alisema Kelestini. Nilijua tangu Jumatano.

— Ukanyamaza? alisema Remigius. Fundi, ni benchi lako hilo.

— Ni lenu. Niliogopa mtanuna.

Akavuta bunda mbele yake, akatafuta Mkono wa Chuma, karata yake mwenyewe aliyoichanga ya kwanza kabisa, akaitoa na kuitia mfukoni mwa shati. Akachukua Gandamizo la Tembo mbili kati ya zile tatu, akamnyooshea Remigius.

Remigius alizipokea. Halafu akaingiza vidole kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akatoa karata nne zilizochakaa, zimekunjamana pembe, akaziweka kwenye benchi bila kumtazama mtu.

— Kusukuma, alisema. Nilikuwa nazo siku zote. Niliona aibu kuchanga kitu cha hivyo.

Mwalimu Valeriani akakohoa, akafungua daftari lake. Katikati ya kurasa kulikuwa na karata tano za mtama. Abdulkarim alikuwa na nyingine sita chini ya kiti cha pikipiki, amezifunga kwa mpira wa tairi. Agnella akainua kitambaa cha meza ya kahawa, na chini ya mguu wa meza zilikuwa zimepangwa saba, alizozitumia kuzuia meza isiyumbe. Alipozitoa, meza ikayumba. Walichangia upya, safari hii kwa kelele za kushindana nani ana ndogo zaidi, na kila aliyerudishiwa nzito aliipokea akicheka. Kelestini alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Bunda likafika arobaini kukiwa kumebaki dakika chache.

Donati, kijana mrefu mwenye salamu nzuri, alifika na wenzake wawili. Alilizunguka benchi mara moja, akalipapasa, akalisifu kwa namna iliyowakera. Wakakaa. Happyness alisogeza kapu akae karibu, na kondakta wa basi la Morogoro alipoita, alimwambia atapanda linalofuata.

Kelestini akavuta tano. Akaweka kusukuma.

Donati akatazama karata zake, akazipanga upya, akazitazama tena. Habari za mchango zilikuwa zimeshafika Kidatu kwa mabasi tangu Alhamisi, kwamba Ifakara wanakuja na mapigo mazito matupu, naye alikuwa amejaza bunda lake vizuizi vya mapigo mazito, kwa makini na kwa gharama ya siku mbili nzima za kubadilishana na wenzake. Vizuizi hivyo kwa kusukuma havifanyi kazi.

— Unazuia? aliuliza Mwalimu Valeriani, aliyejiteua refa.

— Sina, alisema Donati, akatupa karata ya kwanza.

Kelestini akaweka mtama. Donati akatupa nyingine mbili, kisha akainua uso kwa mshangao wa kweli.

— Mzee, zile nzito mlizochangishana ziko wapi?

— Zipo, alisema Kelestini. Ila tunaanza na hizi.